Ukweli Uliochelewa, Je, Una Thamani?

Ndugu msomaji, liko swali moja ambalo wanafunzi wangu chuoni hubishana juu yake kila mwaka wala hawajapata kuafikiana. Mtu aliyenyamaza alipokuwa na nguvu, kisha akasema kweli baada ya nguvu kumtoka, je, kweli yake ina thamani yoyote? Wako wasemao kwamba kweli ni kweli hata ikitamkwa na mfa maji. Wengine hujibu kwa ukali kwamba aliyekaa mezani akala akashiba, hata meza ilipopinduliwa na wenye njaa ndipo akaanza kuyataja makosa ya wapishi, huyo hakutoa ushahidi bali alipiga soga.

Swali la namna hii haliamuliwi kwa maneno matupu. Lapasa lipimwe katika maisha ya mtu, nami nimemchagua Maria Pavlovna, binti wa ukoo wa kifalme wa Urusi, ambaye alipoteza nchi, akatarizi nguo kwa ujira, na hatimaye akawa mwandishi wa vitabu.

Alizaliwa St. Petersburg mwaka 1890. Babu yake alikuwa Tsar Alexander II, aliyewaachia huru watumwa wa mashamba wa Urusi mwaka 1861 na ambaye aliuawa kwa bomu mwaka 1881. Nicholas II, Tsar wa mwisho, alikuwa binamu yake. Mama yake, binti wa mfalme wa Ugiriki, alifariki mwaka 1891 alipomzaa mtoto wa pili, Dmitri. Mwaka 1902 baba yao alioa mke asiye wa ukoo wa kifalme bila ya idhini, akafukuzwa nchini. Basi watoto hao wawili wakalelewa Moscow na ami yao Sergei, gavana mkuu wa mji huo, na mkewe Elizabeth, ambao hawakuwa na watoto wao wenyewe.

Malezi yenyewe yalikuwaje? Walifundishwa sala, adabu na lugha za kigeni. Hawakufundishwa nchi yao. Fedha hazikupita mikononi mwao, kwa kuwa daima alikuwapo mtu wa kulipa. Waliwaona watu wa Urusi kupitia dirisha la gari la farasi, watu wakiwa wamevua kofia.

Hapana budi tukae kidogo juu ya huyo ami yake. Sergei aliwapenda watoto wa nduguye kwa mapenzi makali ya mtu mgumu. Lakini ni yeye huyo ambaye maelfu ya Mayahudi walifukuzwa Moscow chini ya utawala wake, kuanzia mwaka 1891. Mkono uliowabariki watoto usiku ndio uliotia sahihi mchana. Mtoto aliyelala chini ya baraka hiyo angejuaje? Na akiisha kukua, aseme nini juu ya mkono huo?

Mwezi wa Februari 1905 mwanamapinduzi mmoja aitwaye Ivan Kalyayev alisimama usiku katika njia ya Moscow, bomu likiwa mkononi, akilingoja gari la Sergei. Gari likaja. Akalikimbilia, akainua mkono, kisha akaushusha, kwa sababu aliwaona ndani yake mke wa Sergei na watoto wawili. Watoto hao walikuwa Maria, mwenye miaka kumi na minne, na Dmitri, mwenye miaka kumi na mitatu. Siku mbili baadaye Kalyayev alilitupa bomu lake juu ya Sergei akiwa peke yake na mwendesha gari wake, ndani ya ngome ya Kremlin. Elizabeth aliyakusanya mabaki ya mumewe katika theluji kwa mikono yake. Kisha akaenda gerezani kuonana na muuaji na kumwambia kwamba amemsamehe. Kalyayev hakuomba msamaha wa serikali. Alinyongwa mwezi wa Mei mwaka huo.

Tazama, msomaji, jinsi mambo yalivyochanganyika. Maria aliishi miaka hamsini na mitatu zaidi kwa kuwa muuaji alikuwa na huruma kuliko kanuni za chama chake. Mtu mwenye deni la namna hiyo hawezi tena kuigawa dunia kwa urahisi, akasema wema wote walikuwa upande wa jumba la kifalme na waovu wote nje ya ukuta. Mimi naamini kwamba mwandishi ndani yake alizaliwa siku ile, ijapokuwa kalamu ilikuja miaka ishirini na mitano baadaye.

Mwaka 1908 aliozwa Wilhelm, mwana wa mfalme wa Sweden. Alikuwa na miaka kumi na minane, na shauri lilikatwa na wakubwa. Akamzaa Lennart mwaka 1909. Ndoa haikuwa na raha, na mwaka 1913 aliondoka Sweden, akamwacha mtoto wa miaka minne katika nyumba ya baba yake. Mwaka uliofuata ndoa ilivunjwa, vita vikaanza, naye akawa muuguzi. Kwa muda wa miaka miwili na zaidi aliongoza hospitali ya askari katika mji wa Pskov. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza Warusi wa kawaida walikuwa mbele yake bila ya dirisha katikati, akiwafunga vidonda na kuwasikia wakizungumza.

Usidhani kwamba vidonda vya askari vilimbadilisha mara moja. Desemba 1916 Rasputin aliuawa, na Dmitri, ndugu yake mpenzi, alikuwa mmoja wa waliokula njama. Tsar akaamuru Dmitri apelekwe Uajemi kwa jeshi lililokuwa huko. Jamaa kumi na sita wa ukoo wa kifalme walitia sahihi barua ya kumwombea, na Maria alikuwa miongoni mwao. Tsar akajibu kwamba hakuna mtu aliyepewa haki ya kuua. Nicholas alikosea katika mengi, lakini katika neno hili alikuwa na haki, na hao kumi na sita walikuwa wakitaka sheria ipinde shingo kwa ajili ya mtoto wa nyumbani. Zaidi ya hayo, adhabu ile ikawa ndiyo salama ya Dmitri. Mapinduzi ya 1917 yalimkuta mbali, katika nchi ya Uajemi, naye akaishi.

Wengine hawakuishi. Mwezi wa Julai 1918 Tsar na nyumba yake waliuawa Yekaterinburg. Mwezi huohuo shangazi Elizabeth, ambaye alikuwa ameanzisha nyumba ya watawa na kuhudumia maskini, aliuawa huko Alapayevsk pamoja na ndugu wa Maria kwa baba. Baba yake alipigwa risasi St. Petersburg, uliokuwa ukiitwa Petrograd, mwezi wa Januari 1919. Maria mwenyewe, aliyekuwa ameolewa tena mwaka 1917 na Sergei Putyatin, alimzaa mtoto wa kiume, Roman, katika mwezi uleule wa Julai 1918. Akamwacha kwa wazee wa mumewe, akatoroka kupitia Ukraine hadi Romania. Mtoto huyo alifariki Bucharest mwaka 1919, akiwa na umri wa kama mwaka mmoja tu.

London na Paris vito viliuzwa kimoja kimoja. Vilipokaribia kwisha akaanza kushona. Mwaka 1921 alimsikia mshonaji mashuhuri Gabrielle Chanel akibishana juu ya bei ya kutarizi blauzi, naye akajitolea kuifanya kazi hiyo kwa bei nafuu zaidi. Hakujua kutarizi kwa mashine. Alinunua mashine, akajifunza pamoja na wasichana wa kazi, akaanzisha karakana ambayo ndani yake wakimbizi wengi wa Kirusi walipata riziki.

Karakana hiyo aliiita Kitmir. Hapa niruhusu niende kando kidogo, maana jina hili si geni kwa aliyesoma tafsiri za Sura Al-Kahf. Maria alilipata kwa mbwa mdogo wa balozi wa zamani wa Urusi huko Washington. Lakini chimbuko lake liko mbali zaidi. Kurani yamtaja mbwa wa Watu wa Pangoni bila ya kumpa jina, na mapokezi yakasema kwamba aliitwa Kitmir. Huyo ni mbwa aliyefuatana na wakimbizi. Tena neno hilo katika Kiarabu ni ule utando mwembamba unaofunika kokwa ya tende, nalo hutumika kumaanisha kitu kidogo kuliko vyote ambavyo mtu aweza kujidai kuvimiliki. Mjukuu wa Tsar, aliyekuwa na majumba, aliliandika neno hilo juu ya mlango wake! Na mwaka 1925, katika maonyesho makubwa ya Paris, kazi ya karakana hiyo ilipopata tuzo, hati iliandikwa kwa jina la Bwana Kitmir. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alisifiwa na watu wasiojua yeye ni binti wa nani.

Biashara ilishindwa, ikauzwa mwaka 1928. Mwaka 1929 akavuka bahari kwenda New York, akafanya kazi katika duka la nguo. Mwaka 1930 kikatoka kitabu chake cha kwanza, Education of a Princess, yaani Elimu ya Binti Mfalme, kikasomwa na watu wengi mno. Mwaka 1932 kikafuata cha pili, juu ya maisha ya ukimbizini. Katika vitabu hivyo alieleza kwamba watu wa tabaka lake walilelewa wasiijue nchi waliyoitawala, na kwamba ukimbizini wengi waliendelea kuishi katika jana, wakingoja lango lifunguliwe tena.

Sasa turudi kwenye mabishano. Watu husema kwamba alipata fedha kwa vitabu hivyo. Ni kweli, alikuwa na haja ya kula. Lakini uongo mtamu ungeuzika vilevile. Wasomaji wa Marekani walitaka lulu na majumba na Rasputin, nao wakimbizi wenzake wangefurahi kama angaliandika kwamba kila kitu kilikuwa chema hata mashetani walipokuja kutoka nje. Bei ya kweli ilikuwa kuonekana msaliti mbele ya wale wachache waliobaki wa kumwita kwa jina la utotoni. Sisemi kwamba vitabu vyake havina mapambo. Nasema alikuwa na njia nyepesi zaidi, akaiacha.

Ugumu wa pili ni mzito zaidi. Alisema baada ya nyumba kuungua. Laiti watu kumi na sita waliotia sahihi kumwombea Dmitri wangalitia sahihi miaka kumi kabla kuwaombea wale wasio na jamaa katika jumba la kifalme! Hapa simtetei. Kweli iliyochelewa haimfufui hata mtu mmoja. Yule aliyepaswa kuonywa ameshakufa, na yule aliyedhulumiwa ameshadhulumu naye. Hata hivyo kuchelewa ni kosa la msemaji, si kosa la kweli yenyewe. Nasi tuliokuja baadaye twaihitaji, kwani mtawala alelewaye nyuma ya dirisha hakutoweka duniani mwaka 1917.

Bado kuna neno juu ya wafu. Je, ni haki kumshuhudia vibaya ami aliyekubariki usiku, naye hana mdomo wa kujibu? Wengi wenu mnaosoma kurasa hizi mmetoka katika nyumba nyingine, mkaacha desturi za wazee wenu, na swali hili ni lenu kuliko la binti wa Urusi. Nimewasikia walioongoka wakisimulia nyumba walimotoka. Mmoja huichoma moto yote, kana kwamba mama yake hakupata kutenda wema hata siku moja. Mwingine huipaka chokaa kwa kuogopa kuwavunjia heshima jamaa. Wote wawili wamekimbia shida ileile. Tumeamriwa kusimama imara katika haki hata ikiwa ushahidi ni dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu; na haki hiyo ina ncha mbili. Haituruhusu kuficha sahihi iliyotiwa mchana, wala haituruhusu kuzikana baraka za usiku. Mwenye kusema moja tu amesema nusu.

Maria alijitahidi kusema zote mbili juu ya ukoo wake. Juu ya nafsi yake mwenyewe ilikuwa vigumu zaidi, kama ilivyo kwa kila mwana wa Adamu. Liko deni moja ambalo vitabu havikuweza kulilipa, nalo ni la yule mtoto aliyeachwa Sweden. Lennart alikua bila ya mama. Mwaka 1932 alioa mwanamke wa watu wa kawaida, akapoteza cheo chake cha ufalme, akahamia Mainau, kisiwa kidogo katika ziwa la Konstanz, Ujerumani, akakigeuza kuwa bustani. Mama yake, baada ya kuishi miaka mingi Marekani na kisha Argentina, alirudi Ulaya akiwa mzee. Alifariki Konstanz tarehe 13 Desemba 1958. Alizikwa Mainau, katika ardhi ya mwana aliyemwacha na miaka minne, na kaburi lake liko karibu na la Dmitri.