Deni la Uso

Mwinjilisti wetu hapa Musumba, Kongo, alihubiri kwamba mwanaume anayesimama robo saa mbele ya kioo, brashi mkononi na povu mashavuni, anautumikia mwili ambao umekwisha kuahidiwa mavumbi. Akasoma habari za Samweli nyumbani kwa Yese, pale nabii anapofundishwa kwamba binadamu hutazama sura na Mungu hutazama moyo. Ibada ilipokwisha nilimfuata nje.

"Mwinjilisti mwanangu," nikamwambia, "andiko lako ndilo linalonitetea. Kama Mungu hautazami uso wangu, basi kwake sina deni la uso. Wanaoutazama ni ninyi. Deni langu liko kwenu."

"Baba," akajibu, "uso ukiwa deni kwa watu, maskini asiye na wembe atalipa nini?"

Swali lilikuwa zuri, na nimekaa nalo. Namjibu hapa kwa sababu nimeishi na jambo hili maisha yangu yote. Nilikuwa muuguzi, Kolwezi kwanza na baadaye huku Kapanga, ambako Wamethodisti wamekuwa wakitibu watu tangu daktari Arthur Piper alipofika mwaka 1914. Katika kazi zote za wodini, hakuna niliyoipenda kama kuwanyoa wanaume wagonjwa.

Wembe niliurithi kwa baba. Alifanya kazi Union Minière huko Kolwezi, kabla serikali haijaitwaa kampuni hiyo mwaka 1967, ikaja kuitwa Gécamines. Alikuwa na kishikio cha chuma cha vipande vitatu: mpini, kitako chenye meno na kifuniko, na katikati wembe mwembamba wenye makali pande mbili. Ni aina ile ile ambayo Mmarekani King Camp Gillette aliipatia hataza mwaka 1904. Baba hakunyoa asubuhi kama wenzake. Alinyoa jioni, akitoka mgodini, akishaoga vumbi. Mama alipomuuliza kwa nini anajitayarisha wakati siku imekwisha, alisema msimamizi wake kazini hana haja na kidevu chake, ila sisi ndio tutakaoketi naye mezani. Nilikuwa mtoto, na niliona ni jambo la kawaida kabisa. Baadaye nilipoanza kusoma Maandiko kwa bidii ndipo nilipotambua kwamba baba alikuwa amekwisha kuamua swali ambalo wahubiri bado wanalibishania: uso ni wa nani.

Leo Kolwezi vijana wananyolewa kwa mashine. Kila kona kuna kibanda chenye kioo na muziki, na umeme ukikatika kinyozi anashika mashine ya betri, ambayo huenda ndani yake imo kobalti iliyochimbwa papo hapo mjini. Sina ugomvi na mashine. Kwa kichwa ni nzuri. Lakini uso unahitaji maji, na ninataka kueleza kwa nini, maana imani yangu juu ya jambo hili imetoka mikononi kabla ya kutoka vitabuni.

Unaanza na maji ya moto. Nywele za ndevu zikilowa hunywa maji, zikavimba na kulainika, na wembe hauzigombezi tena. Brashi ya manyoya ya nguruwe unailoweka mpaka ikae laini, unaizungusha juu ya sabuni taratibu, unaongeza matone ya maji, unazungusha tena mpaka povu liwe zito. Unalipaka kwa kuzungusha vilevile ili unywele uinuke. Wembe unalazwa, hausimamishwi. Uzito wa chuma chenyewe unatosha. Mkono unaongoza tu, hausukumi. Na kwa ndevu zetu zilizojikunja, unafuata zinakolala. Ukizikata chini mno, ncha hugeuka na kuchoma ngozi upya, ndipo vile vipele vya kidevuni na shingoni vinapozaliwa. Nyembe za plastiki zenye makali matatu au matano huzidisha taabu hiyo: la kwanza linauvuta unywele, linalofuata linaukata ukiwa umevutwa, na kilichobaki kinarudi chini ya ngozi. Wembe mmoja hauna tamaa hiyo. Mwisho ni maji baridi, na jiwe la shabu palipokwaruzika.

Wodini niliongeza sheria moja kali: wembe mmoja kwa mtu mmoja, kisha unatupwa kwenye chombo chake. Homa ya ini na virusi vya UKIMWI hupita kwenye damu usiyoweza hata kuiona. Brashi nayo haiazimwi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kuna askari walioambukizwa kimeta na brashi zao za kunyolea, zilizotengenezwa kwa manyoya yasiyosafishwa vizuri. Mgonjwa asiyeletewa brashi na ndugu zake nilimpigia povu kwa kipande cha shashi.

Zamani tulinyoa pia mahali pa kupasuliwa kabla ya operesheni. Baadaye ikajulikana kwamba vijeraha vidogo vya wembe huwafungulia vijidudu mlango, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likashauri waziwazi kwamba wembe usitumike hapo. Kwa hiyo wembe wangu ukapoteza kazi yake ya kidaktari. Ikabaki ile ambayo hakuna kitabu cha tiba kilichoniagiza: kumnyoa mzee aliyelala wiki tatu, ambaye dawa zake zitafanya kazi vilevile ndevu zikiwepo au zisipokuwepo.

Nikamwona akibadilika. Si kila mara, lakini mara nyingi kiasi kwamba sikuweza kulipuuza jambo hilo. Mgonjwa aliyekuwa amegeukia ukuta anaomba mto uinuliwe. Anauliza kama mkwewe amefika, kama kuna mtu wa kijijini kwao aliyepita. Nilijifunza kupanga kunyoa kabla ya saa ya wageni.

Biblia inaujua wembe kuliko tunavyohubiri. Yusufu alipotolewa gerezani kwenda mbele ya Farao, alinyoa kwanza, akabadili nguo. Mwenye ukoma aliyepona, kwa sheria ya Walawi 14, alinyoa nywele zote, akarudi kambini, na siku ya saba akanyoa tena hata nyusi. Mnadhiri, ambaye wembe haukumgusa siku zote za nadhiri yake, siku zikitimia alinyoa mlangoni pa hema na nywele zake zikatiwa motoni chini ya sadaka ya amani. Wote watatu walikuwa wametengwa kwa namna fulani, na wote watatu wanarudi kwa watu. Ndugu zetu Waislamu wanao mlango kama huo upande wa kuingia: mtoto akifika siku ya saba wanamnyoa, na uzito wa nywele zake wanautoa sadaka kwa thamani ya fedha. Mtoto anaingia katika watu, na maskini anapata sehemu yake kutoka kichwani mwake.

Lakini wembe huohuo ulimpitia Samsoni akiwa usingizini magotini pa Delila. Na wajumbe wa Daudi, waliotumwa kumpa Hanuni mfalme wa Waamoni pole za msiba wa baba yake, walikamatwa wakanyolewa nusu ya ndevu, nguo zao zikakatwa. Hapo katika 2 Samweli 10 pana jambo ambalo sijasikia mtu akilihubiri. Daudi hakuwaambia wanyoe nusu iliyobaki. Ingekuwa rahisi: dakika chache, uso sawa pande zote, na safari ya kwenda nyumbani. Aliwaambia wakae Yeriko mpaka ndevu ziote. Ninaamini Daudi alielewa kwamba wakinyoa upande wa pili, wangekuwa wanamalizia kazi ya Hanuni kwa mikono yao wenyewe. Aibu iliyofanywa usoni mwa mtu bila ridhaa yake ilihitaji muda, na mfalme akawapa muda huo, na mahali pa kujistiri.

Niliikumbuka sura hiyo siku alipoletwa kijana wa Bapostolo, wafuasi wa Johane Maranke, aliyeanguka na pikipiki na kupasuka taya. Wanaume wao hunyoa kichwa na kuachia ndevu, nanyi mmewaona wakisali nje katika kanzu nyeupe. Mganga alitaka kushona, na ndevu zilikuwa njiani. Kijana hakuweza kusema vizuri. Aliuweka mkono wake juu ya kidevu na kuuacha hapo. Nilikuwa na wembe tayari. Nikauweka chini, nikamwomba mganga atusubiri, tukamtafuta mzee wa kanisa lao. Mzee alikuja, akazungumza naye kwa sauti ya chini, akanionyesha kwa kidole: hapa na hapa, penye jeraha tu. Nilikata kwa mkasi hapo penye jeraha, na ndevu nyingine zote zikabaki. Mshono ulichukua muda mrefu zaidi. Ulipona.

Basi nikisema uso ni deni kwa watu, simaanishi kwamba watu wana haki ya kuuchukua. Aliye nao ndiye anayeutoa. Anapoinua kidevu na kuliacha koo lake wazi mbele ya makali, ameshatoa kila kitu, na anayenyoa hana budi kumtazama kwa karibu kuliko anavyotazamwa na mtu mwingine yeyote siku hiyo.

Vipi basi mtu asiyeweza tena kuinua kidevu? Nimewanyoa marehemu wengi, kwa ombi la ndugu zao. Watu husema ndevu huendelea kuota baada ya kifo. Hazioti, ngozi ndiyo inayokauka na kurudi nyuma, vishina vikajitokeza. Kwa hiyo ni vema kunyoa mapema, na kwa povu zito kuliko la walio hai. Mtu hai ukimkwaruza anatoa damu kidogo, kesho pamefunga. Marehemu hafungi. Mkwaruzo hukauka na kuwa alama ya hudhurungi, na familia itaiona jeneza likiwa wazi. Hakuna mwanadamu niliyemnyoa kwa uangalifu kama wale ambao hawangeweza kunilalamikia. Kuna mama mjane aliyenikataza: mumewe alikuwa na ndevu tangu siku ya kumposa. Nilizisafisha tu kwa sabuni, nikazichana.

Mwinjilisti aliniambia hiyo ni kazi ya bure. Nami nikamkumbusha tuko wapi. Huu ni mji wa Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Kila mtoto wa Kilunda amesimuliwa jinsi wana wawili, Chinguli na Chinyama, walivyorudi wamelewa wakamkuta baba yao akisuka mkeka, na chungu cha maji kando yake. Wakadhani ni pombe anawanyima, wakampiga. Binti yake Ruwej ndiye aliyemwinua na kumtunza. Mzee kabla ya kufa aliwapita wanawe wa kiume, akamwachia binti lukanu, bangili ya ufalme. Kisha akaja Chibinda Ilunga, yule mwindaji kutoka Uluba ambaye wachongaji wa Kichokwe humchonga na ndevu ndefu, akamwoa Ruwej, na ufalme ukaendelea. Nikiisikia hadithi hiyo sisikii habari za ndoa wala za vita vya urithi. Nasikia kwamba enzi yote ya Walunda ilipitia kwenye mikono iliyomsafisha mzee aliyejeruhiwa, mzee ambaye kwa hesabu za dunia alikuwa amekwisha.

Linabaki swali lake la maskini, na ninalo lililo gumu zaidi la kuliongezea. Mwezi Juni 2019, karibu na Kolwezi, kingo za mgodi wa wazi ziliporomoka juu ya wachimbaji wadogo, wakafa watu wasiopungua 43. Hiyo ni ajali moja iliyohesabiwa. Vijana wengine wamefunikwa na udongo katika mashimo yasiyo na jina. Nimekaa katika vilio ambapo hapakuwa na mwili wa kuosha. Kama uso ni deni kwa watu, hapo analipa nani, na kwa uso gani?

Niliyoyaona ni haya. Katika kilio kimoja, kaka wa marehemu aliketi kwenye kigoda, akaomba wembe, akanyolewa kichwa chote. Kisha mdogo wake. Kisha binamu, na marafiki wawili waliochimba naye. Hawakuwa na fedha za jeneza hata kama mwili ungepatikana. Walitoa vichwa vyao, na mtaa mzima ukawatambua kwa majuma kadhaa popote walipopita, na kila aliyewaona alijua ni nani hayupo.

Nimemwomba mwinjilisti arudi kwenye Ayubu sura ya kwanza. Watoto wa Ayubu nao walifunikwa: nyumba iliwaangukia wakiwa mezani, na hakuna mstari unaotuambia kwamba baba alizipata nyuso zao. Alipoletewa habari alisimama, akararua joho lake, akanyoa kichwa, kisha akaanguka chini akaabudu. Mambo yote matano yamo katika mstari wa 20. Nataka aniambie, yeye anayesema kunyoa ni kuutumikia mwili, ni lipi kati ya hayo matano angeliondoa.