Mtoto Aliyechongwa Mtu Mzima

Hapa kwetu Nassa, Tanzania, huniita Mama Kulwa, ingawa Kulwa alifariki kabla hajaota meno, akabaki pacha wake, Doto. Kwa hiyo mjukuu wangu aliponionyesha kwenye simu picha za ere ibeji, vinyago vya mapacha vya Wayoruba wa Nigeria, sikuvitazama kama mapambo.

Pacha akifa, wazazi walikwenda kwa babalawo, mpiga ramli wa Ifa, kisha kwa mchongaji. Mama alikiogesha kinyago, akakipaka unga mwekundu wa mti, akakivisha, akakilisha hata maharage. Vingi vya zamani vimelika nyuso: pua na macho vimefutika kwa kuoshwa na kushikwa.

"Mama Kulwa, hizo ni sanamu," alisema mzee mmoja wa kanisa. Ndivyo tulivyofundishwa tangu wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walipoanza kazi hapa karne ya 19, na wa Africa Inland Mission (AIM) wakakipokea kituo chao mwaka 1909. Wengine huwatetea Wayoruba kirahisi: kinyago ni kumbukumbu tu, sawa na picha ya marehemu ukutani. Sikubali. Picha hailishwi. Jadi ya Wayoruba husema mapacha wana roho moja. Aliyekufa asipotunzwa, aliye hai naye yumo hatarini. Hiyo ni imani kamili, na si yangu.

Kilichonikamata ni kingine. Mchongaji hakuchonga kichanga. Katika mti wa sentimita 25 hivi alichonga mtu mzima: matiti yamejaa, nywele zimesukwa, chale za ukoo ziko mashavuni. Mtoto alipewa utu uzima alionyimwa.

Nimefundisha Biblia miaka mingi, na tunahubiri ufufuo wa mwili kila Pasaka. Ila watoto wetu watafufuka na umri gani? Augustino, askofu wa Hippo na Mwafrika mwenzetu, alilishika swali hilo karne ya 5 katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu. Alisema watoto watafufuka na kimo ambacho wangekifikia kama wangekua. Askofu na mchongaji hawakujuana, wala Mungu wao si mmoja, lakini wote wawili walikataa kumwacha mtoto abaki mchanga milele.

Kinyago sitakichonga. Lakini kanisa likishamnyang'anya mama mti wake, lisiishie hapo: limjibu pia swali ambalo mchongaji alilijibu kwa patasi.