Hume mezani

David Hume, Mskoti wa Edinburgh, alikuwa hajatimiza miaka 30 alipoanza kuchapisha kitabu chake kikubwa kuhusu maumbile ya binadamu, mwaka 1739. Humo aliuliza swali la kuudhi: nani amethibitisha kwamba yajayo yatafanana na yaliyopita? Akili haina hoja. Tunaamini kwa mazoea tu. Hata mpira wa biliadi ukigonga mwenzake, tunaona huu ukifika na ule ukiondoka, lakini nguvu yenyewe inayosukuma hatuioni.

Mashaka hayo yalimwelemea mwenyewe. Dawa yake? Alikula, akacheza bao la dadu, akacheka na marafiki. Aliporudia hoja zake, alizikuta baridi, hazina mvuto. Na hilo, ajabu, alilikiri ndani ya kitabu hichohicho.