Haki ya Santuri

Hapa Gulwe, mwenye santuri chache za Morogoro Jazz na akiba ndogo hukutana na swali: anunue priampu ya pekee, au aridhike na ile iliyomo ndani ya amplifaya yake?

Santuri inapochongwa, besi hupunguzwa na sauti nyembamba hupandishwa, kwa kanuni iliyowekwa Marekani mwaka 1954. Priampu hurudisha uwiano huo na kukuza umeme wa sindano, ambao kwa kawaida ni milivolti 5 hivi. Ya ndani hufanya kazi hiyo. Ya pekee huenda ikaifanya vizuri zaidi.

Lakini uzuri huo ni wa nani? Ni wa sikio la msikilizaji wa leo. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979. Hawezi kututetea wala kutulaumu. Priampu duni haimkwaruzi. Sindano iliyochakaa humla kidogo kidogo, na kilicholiwa hakirudishwi na mashine yoyote.

Kwa hiyo pesa ianzie kwenye sindano. Starehe inaweza kusubiri, amana haiwezi. Santuri tumeikuta, na kuna atakayeikuta kwetu.