Kumsifu Jirani kwa Uongo

Shule zilipofungwa mwaka 2020, vijana wetu waliendelea kujifunza kuchora kwa njia ya simu. Kila mmoja aliupiga picha mchoro wake na kuutuma kwenye kundi, nasi tuliokuwa tukiwasimamia tukaandika, "Mzuri sana! Mungu akubariki." Binti mmoja alimchora bibi yake akiteka maji. Mkono ulikuwa mfupi kupita kiasi, na ndoo ilielea hewani. Sote tuliona, wala hakuna aliyesema. Baadaye alipeleka michoro yake chuoni kuomba nafasi, akakataliwa. Alitujia na swali moja: "Mbona hamkuniambia?"

Tulikuwa tumejiambia kwamba tunanyamaza kwa upendo. Kwa kweli tuliogopa kuchukiwa. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, nasi tumezoea kuisikia kama onyo juu ya masengenyo. Lakini sifa isiyo ya kweli nayo ni ushuhuda wa uongo, hata kama inapendeza masikioni.

Je, basi tutaje kila kasoro, palepale, mbele ya wote? Hasha. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakuishia kwenye katazo. Alifundisha pia kumtetea jirani na kuyapokea mambo yake kwa nia njema. Katika darasa la simu fundisho hili lina kazi. Simu ikishikwa upande, mchoro ulionyooka huonekana umepinda. Chini ya taa, karatasi nyeupe huonekana ya manjano. Kwa hiyo tuulize kabla ya kuhukumu. Tena mwenzetu hauoni uso wetu. Neno ambalo ana kwa ana lingelainishwa na tabasamu, yeye atalisoma usiku akiwa peke yake, na kesho atalikuta bado lipo.

Mfinyanzi wa Yeremia 18 hakukisifu chombo kilichoharibika mkononi mwake, wala hakuutupa udongo. Alifinyanga tena. Nasi tulitaje wazi lililo jema, "Macho ya bibi yana uhai," kisha tuseme, "Mkono huu tuutazame tena."

Tulimwomba binti yule msamaha, naye akatutumia mchoro mwingine. Kuutazama kwa makini na kumwambia kweli ndiyo heshima tuliyomnyima tangu mwanzo.