Nasaha kwa Mpwa Aliyetoka Denini na Sasa Ataka Gari

Mpwa wangu, uliniletea habari mbili katika kikao kimoja, nami niliifurahia ile ya kwanza hata nikakawia kuijibu ya pili: kwamba deni lililokukalia kifuani miaka mitano umelimaliza, la benki na la simu na la chama, na kwamba sasa benki yakukaribisha kwa taadhima uchukue mkopo wa gari wa shilingi 1,000,000, uulipe kwa miaka 4. Umetaka rai yangu, wala sitakunyima.

Maradhi ya deni nayajua kwa kuyaugua. Mwaka niliokuwa nikidaiwa na mwenye duka mmoja wa Kibokoni, nilikuwa nikitoka nyumbani kabla ya adhana ili nizunguke kwa uchochoro wa nyuma, nisipite mbele ya mlango wake. Naye, Mungu amrehemu, alikuwa akijua, kwani siku moja wakati wa masika alimtuma mtoto aniambie nipite njia yangu ya kawaida, kwa kuwa uchochoro ule una matope na kanzu yangu ni nyeupe. Sijapata kuona haya kama siku ile, wala sijapata kufunzwa murua wa mwia kwa mwiwa kwa upole kuliko ule. Nililipa deni lile kwa miezi kumi na mmoja, na mpaka leo, nikisikia mtu asema kuwa deni ni hesabu tu, huwa najua kwamba hajawahi kuzunguka uchochoroni.

Basi tuitazame hesabu yenyewe kwanza, maana karatasi uliyonionyesha yataja riba ya 14 kwa mia kwa mwaka, lakini haisemi kwa herufi kubwa kuwa riba hiyo yahesabiwa juu ya mtaji wote tangu mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, hata zile fedha ulizokwisha kurudisha. Kwa njia hiyo utalipa 32,500 kila mwezi, na jumla 1,560,000. Ilhali kama riba iyo hiyo ingehesabiwa juu ya baki la deni peke yake, ungelipa kiasi cha 27,300 kwa mwezi, na tofauti kati ya njia hizi mbili yakaribia robo milioni. Waulize, kwa adabu na bila kusita, ni njia ipi, wakuandikie. Na ikiwa dhamiri yako yaikimbia riba, benki za Kiislamu zilizofunguliwa Kenya tangu 2008 hulinunua gari zenyewe na kukuuzia kwa murabaha, faida yao ikiwa imetajwa tangu mwanzo. Ila usidhani kwamba uhalali wa mkataba huupunguza uzito wa malipo, kwani deni la halali nalo ni deni, na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile iamrishayo deni liandikwe.

Gari lenyewe nalo lina umri. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo mengi yashukayo Kilindini kutoka Japani huwa na sita au saba; ongeza minne ya kulipa, na siku jina la benki litakapofutwa katika hati ya umiliki, ukabaki peke yako kuwa mwenye mali, mali hiyo itakuwa mzee. Kabla ya siku hiyo, ukikosa miezi michache, dalali ana haki kuliko wewe.

Sikukatazi gari. Mama yako magoti yamemchoka, na kumpandisha matatu kisha kumvusha feri ya Likoni kila aendapo kliniki ni adhabu niionayo kwa macho yangu. Ninalokusihi ni kuwa uanze kulilipa kabla hujalipata: tangu mwezi huu, siku ile ile ya mshahara, zitenge hizo 32,500, na juu yake za mafuta, bima na magurudumu, uziweke usikoweza kuzichukua usiku kwa simu, huku ukiendelea kupanda matatu kama sasa. Miezi 6 ikipita bila kukopa hata vocha, utakuwa na 195,000 za arubuni, mbali na hizo nyingine, na mkopo utakaouhitaji utakuwa mdogo. Ukishindwa mwezi wa tatu, utakuwa umeshindwa mbele ya nafsi yako peke yake, na hapana jina litakalorudi katika madaftari ya CRB, zile afisi ziwekazo kumbukumbu za wakopaji, ambako habari za deni lako la zamani zitakaa miaka 5 ijapokuwa umelilipa.

Liko deni moja, hata hivyo, ambalo afisi hizo hazikuliandika. Mwaka madalali walipobandika karatasi mlangoni pako, mama yako aliingia chumbani, akatoka na bangili nne zimefungwa katika pembe ya leso, akaenda kwa sonara bila kuniuliza mimi nduguye. Hukumkopa, ndiyo maana humo katika orodha ya wawia uliyonisomea kwa furaha sikulisikia jina lake. Umemrudishia mbili, na nilimwona siku ya Idi amezivaa mkono mmoja, ule mwingine ameuficha ndani ya buibui kila alipompa mtu mkono. Hajakudai wala hatakudai, na siku utakayolileta gari atakuwa wa kwanza kulishika na kukuombea dua.

Kwa hiyo fedha uliyokwisha kuiweka kando kwa ajili ya yadi ya magari, ipitishe kwa sonara kwanza. Hizo mbili zikirudi, na miezi 6 ikipita salama, nibishie mlango Jumamosi mapema twende pamoja; nitavaa nguo kuukuu, niingie chini ya gari nilitazame mwenyewe.