Hukumu ya Maneno Machache

Kila mwalimu anayesahihisha madaftari aijua kazi hii: mtoto ameandika insha yake jioni nzima, nasi twaiwekea herufi moja kwa wino mwekundu, naye huitazama herufi ile kabla ya kusoma neno jingine lolote. Nimefanya hivyo miaka mingi pasipo shaka, hata nilipopata kusoma habari za watu wafanyao kazi kama hiyo kwa nyimbo. Wapewao alama huko si watoto, bali ni watu wazima wenye sifa, na alama zao husomwa na watu wa nchi nyingi.

Desturi hii ina nguvu sana Marekani na Uingereza. Wapigaji wa muziki wa roki na wa pop hukusanya nyimbo kumi au kumi na mbili, wakazitoa pamoja kwa jina moja, na mkusanyo huo huitwa albamu. Pengine kazi ya kuitengeneza huchukua mwaka mzima. Tena albamu mpya ni nyingi mno. Hakuna awezaye kuzisikiliza zote, sembuse kuzinunua. Ndipo magazeti yalipoweka wahakiki, yaani watu wa kusikiliza kwa niaba ya wengine, wakasema kwa maneno machache: hii njema, hii haifai.

Aliye mashuhuri miongoni mwao ni Robert Christgau wa New York. Mwaka wa 1969 alianza katika gazeti la Village Voice sehemu ambayo jina lake kwa lugha yetu ni Mwongozo wa Mnunuzi. Kila albamu aliipa aya moja fupi, pengine sentensi mbili tu, na mwisho wake herufi kama zile za shuleni: A kwa iliyo bora, kisha B, C, na kushuka hadi E. Kazi hiyo ameifanya kwa zaidi ya miaka hamsini, na albamu alizozitolea hukumu ni maelfu.

Je, hiyo ni haki? Mwimbaji Lou Reed aliona sivyo. Katika albamu yake ya mwaka 1978, iitwayo Take No Prisoners, iliyorekodiwa mbele ya watu, aliacha kuimba akamtukana Christgau kwa jina, akalalamika kwamba mtu hufanya kazi mwaka mzima, kisha mwandishi wa gazeti humpa B+. Matusi hayo yakatolewa katika albamu yenyewe. Christgau akaisikiliza kama alivyosikiliza nyingine, akamshukuru Reed kwa kulitamka jina lake sawasawa, akaipa C+.

Nilicheka niliposoma hayo, lakini lalamiko la Reed halikuniondoka. Nikajiuliza: je, taabu ya mtengenezaji yamdai mwamuzi maneno mengi? Naona sivyo. Mnunuzi wa mahindi sokoni huchukua punje moja akaiuma, akasema, "Haya hayajakauka," akaenda zake. Hamwulizi mkulima amelima siku ngapi, wala hamdhulumu. Fedha iliyo mkononi mwa mnunuzi nayo ni jasho la mtu. Kijana wa kule aliyefanya kazi juma zima akapata fedha ya kununua albamu moja tu, anastahili kuambiwa upesi na kwa kweli ni ipi ya kununua. Basi Christgau aliitaja kazi yake kwa jina lake halisi. Alimtumikia mnunuzi. Ufupi peke yake si udhalimu.

Hata hivyo wimbo si punje ya hindi. Hindi bichi ni bichi katika meno ya kila mtu, lakini mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwaka wa 1969 kundi la Led Zeppelin la Uingereza lilitoa albamu yake ya kwanza, na gazeti la Rolling Stone likaikemea kwa ukali. Mwaka wa 2003 gazeti lilo hilo liliandika orodha ya albamu 500 zilizo bora kuliko zote, na albamu ile ile likaiweka ya 29. Katika nyimbo zenyewe haikuwa imebadilika sauti hata moja. Masikio ndiyo yaliyobadilika.

Hapa ndipo niuonapo ubaya wa hukumu fupi, wala si pale alipouona Lou Reed. Mhakiki akiandika kurasa mbili, hana budi kujifunua: twaona apenda nini, achoka na nini, na ngozi ya ngoma anaivutia wapi. Nasi twaweza kusema, "Mtu huyu hapendi makelele, mimi nayapenda; basi nitainunua." Lakini akiandika neno moja na herufi moja, yeye mwenyewe hufichika, na neno "haikunipendeza" husomeka "haifai". Zaidi ya hayo ni tarakimu. Jarida la Pitchfork, lililoanzishwa mwaka wa 1996 na kusomwa katika intaneti, hutoa alama toka 0.0 hadi 10.0, pamoja na sehemu ya kumi. Ni nani mwenye sikio la kupambanua wimbo wa 7.4 na wimbo wa 7.5? Tarakimu hiyo yaonekana kana kwamba imetoka katika mizani, nayo imetoka moyoni mwa mtu.

Kuna na jambo jingine. Mwaka wa 1986 wapiga gitaa wawili hodari, Steve Howe na Steve Hackett, walitoa albamu pamoja na wenzao kwa jina la GTR. Mhakiki J. D. Considine, katika gazeti la Musician, akaijibu kwa herufi tatu tu, ambazo ukizitia irabu yake hupata neno la uchafu lisilofaa kuandikwa hapa. Watu walicheka sana, hata leo jibu hilo hukumbukwa kuliko albamu. Lakini mnunuzi alijifunza nini? Hakuambiwa kama waimbaji ni wabaya, au magitaa, au mashairi. Alijua tu kwamba mhakiki ni mcheshi. Hukumu ile haikumtumikia mnunuzi tena; ilimtumikia aliyeitoa.

Nami ninamstahi zaidi mhakiki mmoja aliyekosa kuliko wengi waliopatia. Mwaka wa 2003 mwimbaji Liz Phair, aliyekwisha kusifiwa kwa albamu yake ya mwaka 1993, alitoa nyingine yenye mwendo wa pop, na Matt LeMay wa Pitchfork akaipa 0.0. Mwaka wa 2019 LeMay aliomba radhi hadharani kwa yale aliyoyaandika. Mwaka wa 2021 jarida lenyewe likairudia albamu ile likaipa 6.0. Ilichukua miaka kumi na minane kutoka sifuri hadi sita! Hapana wa kumrudishia mwimbaji miaka hiyo. Lakini watu wale walikubali kusikiliza tena, jambo ambalo Christgau naye alilifanya alipokusanya hukumu zake katika kitabu mwaka wa 1981: alama kadhaa za zamani alizibadilisha.

Nasema hivi kwa kuwa nami nina hukumu yangu ya neno moja. Zamani nilimwandikia mvulana mmoja "Hovyo" chini ya insha yake, nikaendelea na daftari la pili. Mwaka jana tulikutana njiani, sasa ni baba wa watoto watatu. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. Nikaitika, "Marahaba, mwanangu." Tukaulizana habari za nyumbani, kisha akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, siku nyingi nataka kukuuliza. Ile insha ya mto ilikosa nini?"

Nikafikiri muda mrefu. Insha yenyewe sikuikumbuka hata kidogo. Nikamwambia aniletee daftari, kama analo bado, niisome tena. Akasema alilichana siku ile ile.